Klabu Inayozama Haiokolewi na Jina

Timu inaposhindwa mfululizo, kilio cha mashabiki huwa kimoja: meneja afutwe, aletwe mwingine. Kufuta si kazi. Kazi ni kumchagua atakayekuja. Nionavyo mimi, waajiri wengi huteleza hapo, kwa kuwa hutafuta jina la kuwatuliza mashabiki badala ya mtu aijuaye kazi. Ushahidi wangu nautoa katika ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, NBA, ambako klabu mbili zilizokuwa taabani zilitafuta viongozi wapya katika muda usiotimia mwaka mmoja.

Ya kwanza ni Toronto Raptors ya Kanada. Kufikia 2013 ilikuwa imemaliza misimu mitano bila kufuzu kwa michuano ya muondoano, na katika msimu wa 2012-13 ilishinda mechi 34 tu kati ya 82. Mwezi Mei mwaka huo ilimwajiri Masai Ujiri, aliyelelewa Zaria, Nigeria, na ambaye mamake ni daktari Mkenya. Ujiri hakuwahi kucheza katika NBA hata dakika moja. Alianza kwa kuisakia Orlando Magic vipaji bila mshahara, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hata akaongoza usajili wa Denver Nuggets kuanzia 2010.

Alipofika Toronto hakufagia nyumba nzima. Alimwacha kazini mkufunzi Dwane Casey, aliyemkuta hapo, akaanza kuwaondoa wachezaji ambao mishahara yao haikulingana na mazao yao. Desemba 2013 alipomtoa Rudy Gay na kupokea wachezaji wanne wasiovuma, wengi walidhani ameusalimisha msimu. Kumbe! Timu ilimaliza na ushindi 48.

Ya pili ni New York Knicks. Machi 2014 ilimkabidhi Phil Jackson urais wa klabu, mtu aliyetwaa ubingwa mara 11 akiwa mkufunzi. Sifa zake hazina ubishi. Lakini ukufunzi ni kuwatumia wachezaji uliopewa, ilhali umeneja ni kuwatafuta, kuwapima thamani na kupiga hesabu za miaka mingi ijayo. Kazi hiyo ya pili Jackson hakuwa ameifanya kamwe. Katika msimu wake kamili wa kwanza, Knicks walishinda mechi 17 na kushindwa 65, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yao. Waliachana naye Juni 2017, bila ya kufuzu kwa muondoano hata mara moja chini yake.

Najua yupo atakayesema kwamba Ujiri alibahatika tu. Ni kweli kwamba mwaka 2018 alicheza kamari: alimfuta Casey, kisha akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili ampate Kawhi Leonard, aliyekuwa ametoka kuugua jeraha na kubakisha mwaka mmoja wa kandarasi. Juni 2019 Toronto wakawa mabingwa. Hata hivyo, kamari hiyo isingewezekana kama wamiliki hawangempa miaka mitano ya kujenga kwanza, pamoja na mamlaka ya kuamua. Naye pia hakudumu milele: timu ilipodorora tena, klabu iliachana naye Juni 2025. Subira si hati ya kumiliki kiti.

Nayasema haya nikizitazama klabu zetu wenyewe, ambako kiongozi huchaguliwa kwa umaarufu au kwa uzito wa mfuko wake, na mkufunzi hutimuliwa kabla hajawajua wachezaji wake barabara. Wanaolipa gharama ni vijana, ambao miaka yao ya kucheza ni michache na hairudi.

Kabla ya kumwajiri meneja, wamiliki na wajiulize mambo matatu. Je, mtu huyu ameifanya kazi hii tangu chini? Je, tutamwachia usajili na mishahara, au tutakuwa tukimwamuru nyuma ya pazia? Je, tuko tayari kumvumilia msimu mbaya mmoja au miwili? Asiyeweza kuyajibu haya na asimfute yeyote kwanza, kwani atakuwa anabadilisha nahodha huku tundu la jahazi likiendelea kuingiza maji.