Figo ya Ndugu na Kidonge cha Fangasi

Mtu aliyepandikizwa figo hurudi kwao. Hurudi Manyoni, Ikungi au Kiomboi, akaendelea na alizeti zake na vitunguu vyake, na asubuhi na jioni humeza dawa za kushusha kinga ya mwili ili mwili usiikatae figo aliyopewa na nduguye. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa mkoa wa Singida, ambao makao yake makuu yako kilomita zipatazo 240 kutoka Dodoma, huduma hiyo imesogea karibu, na pamoja nayo amesogea mgonjwa ambaye wauzaji wetu wa dawa hawajamzoea: mtu mwenye sura ya mzima kabisa, anayeingia duka la dawa kununua dawa ya fangasi kama mteja mwingine yeyote. Dawa hiyo ya bei ndogo inaweza kuiharibu figo iliyopatikana kwa kumpasua ndugu yake.

Dawa kubwa ya kulinda figo ya kupandikizwa ni takrolimasi. Wengine hutumia siklosporini. Zote mbili zina sifa moja ngumu: kipimo kinachofaa na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Ikipungua kidogo kwenye damu, mwili unaanza kuishambulia figo. Ikizidi kidogo, dawa yenyewe inaibana mishipa ya damu ya figo na kuidhuru. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupimwa kiwango cha dawa kwenye damu, si kuulizwa tu wanajisikiaje.

Anayeamua kiwango hicho, zaidi ya mkono wa daktari, ni kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ini na kwenye kuta za utumbo. Fikiria mizani ya Njuki kwenye barabara kuu: malori mengi yanazuiwa, machache yanapita. Kwa takrolimasi, takribani robo tu ya kinachomezwa ndiyo hufika kwenye damu. Sehemu kubwa ya iliyobaki huvunjwa njiani au haisharabiwi kabisa, na daktari amepanga dozi akijua hivyo. Sasa ije flukonazoli, au itrakonazoli, au ketokonazoli. Dawa hizi huua fangasi kwa kukwamisha kimeng'enya cha fangasi kilicho ndugu wa vimeng'enya vyetu vya ini, na kwa bahati mbaya hukwamisha vya kwetu pia. Mizani imefungwa, malori yote yanapita. Mgonjwa hajaongeza hata kidonge kimoja cha takrolimasi, lakini damu yake inaona kama ameongeza viwili au vitatu.

Si makisio. Vorikonazoli, inayotumika hospitalini kwa fangasi wakali wa mapafu, hupandisha takrolimasi mara tatu, na maelekezo yake yanataka dozi ya takrolimasi ishushwe hadi theluthi moja siku ileile inapoanzishwa. Kwa siklosporini, ishushwe hadi nusu. Kwa dawa nyingine ya kushusha kinga, sirolimasi, kiwango hupanda mara kumi na moja, kiasi kwamba mbili hizo haziruhusiwi kutumika pamoja. Flukonazoli ina nguvu ndogo zaidi, na athari yake hukua kadiri dozi inavyokua. Kidonge kimoja cha miligramu 150 hakilingani na kozi ya wiki kadhaa. Ila flukonazoli hukaa mwilini: baada ya saa 30 hivi, nusu yake bado ipo. Anayemeza kila siku anairundika.

Mchukulie mama wa Iramba aliyepandikizwa mwaka mmoja uliopita. Ana utando mweupe mdomoni, chakula kinamuuma, anakwenda dukani. Muuzaji, ambaye mtaani wote wanamwita daktari, anampa flukonazoli ya wiki mbili. Mdomo unapona. Siku ya tano au ya sita anaona chai inamwagika kwenye sahani kwa sababu vidole vinatetemeka. Kichwa kinamgonga, usingizi hauji, tumbo linaharisha kidogo. Nyumbani wanasema ni malaria. Wakati huo kreatinini inapanda, potasiamu inapanda, pengine na sukari, na hakuna lolote kati ya hayo analoweza kulihisi kwa mkono. Kutetemeka kwa vidole ni dalili ambayo kila aliyepandikizwa na kila anayeishi naye wanapaswa kuijua kama wanavyojua homa.

Lakini mama huyu asiambiwe avumilie fangasi. Kinga yake imeshushwa makusudi, na fangasi ambaye kwangu na kwako ni usumbufu, kwake anaweza kushuka kooni au kuingia kwenye damu. Singida tunasifika kwa kuku wa kienyeji, basi niseme na hili: udongo wa banda uliochanganyika na kinyesi cha ndege hulea fangasi aitwaye histoplazma, ambaye huvutwa puani pamoja na vumbi. Kufagia banda kuwe kazi ya mtu mwingine wa nyumbani.

Tiba zipo. Mashilingi machache ya ngozi hutibika kwa krimu ya kupaka, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana. Utando wa mdomoni, ukiwa haujashuka kooni, unaweza kutibiwa kwa nistatini ya maji, ambayo utumbo hauisharabu. Kwa fangasi wa kucha au wa ngozi walioenea, terbinafini ya vidonge haiigusi CYP3A4 kwa kiasi cha kutia hofu, ingawa nayo ina masharti yake ya ini. Mtego mmoja umejificha hapa: klotrimazoli ya kupaka ni salama, ila ile ya kumung'unya mdomoni humezwa pamoja na mate, hufika kwenye utumbo, na imeshapandisha takrolimasi ya wagonjwa wengi. Na pale ambapo flukonazoli au nduguze ndizo zinazohitajika kweli, kwa sababu mara nyingine hakuna mbadala, zitumike. Daktari anayemfuatilia mgonjwa hushusha takrolimasi kwanza, kisha anapima damu baada ya siku chache na kurekebisha tena.

Hatari ya pili huja kozi inapoisha, na hii ndiyo inayosahauliwa hata na sisi wa fani. Dozi ya takrolimasi ilishushwa, flukonazoli imekwisha, mizani inafunguliwa taratibu ndani ya siku kadhaa. Asiporudishiwa dozi yake ya awali, kiwango kinaporomoka na mwili unaanza kuikataa figo, tena kimya kimya. Kifua kikuu huleta shida ya aina hiyo hiyo: rifampisini huamsha vimeng'enya badala ya kuvizuia, na dozi iliyokuwa ikitosha haifui dafu tena.

Cha ajabu ni kwamba madaktari wa Mansoura, Misri, waliigeuza hatari hii kuwa msaada. Siklosporini ni ghali, basi waliwapa wagonjwa wao wa figo ketokonazoli kwa makusudi, wakapunguza siklosporini kwa kiasi kikubwa, na gharama ikashuka. Naiheshimu kazi ile. Ila iliwezekana kwa sababu mgonjwa alipimwa damu tena na tena na watu waliojua wanachofanya. Dawa zilezile bila vipimo ndizo zinazoua figo.

Tusidhani pia kwamba hili linawahusu waliopandikizwa peke yao, ambao ni wachache. Wanaomeza prednisoloni kwa pumu, kwa lupasi, au watoto wanaovimba kwa kupoteza protini kwenye mkojo ni wengi zaidi, na hiyo nayo ni dawa ya kushusha kinga. Itrakonazoli au ketokonazoli ikiongezwa kwa wiki nyingi, steroidi hurundikana, hata zile za kuvuta kwa pampu kama budesonidi: uso unavimba, sukari inapanda, ngozi inachanika. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo ni za bakteria, huifunga mizani ileile ya takrolimasi. Balungi pia, tena bila cheti cha daktari.

Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipojaribiwa Ruvuma kuanzia 2003, Singida ulikuwa mkoa wa kulinganishia: kule wauzaji walifundishwa, hapa hali iliachwa ilivyo ili tofauti ionekane. Mpango ulifika baadaye. Leo maduka hayo yapo hadi vijijini, na muuzaji ndiye mhudumu wa afya wa kwanza ambaye watu wengi hukutana naye. Sitarajii ayakariri majina yote haya. Ninachomwomba ni swali moja kabla ya kutoa kidonge chochote cha fangasi: "Mama, kuna dawa unayomeza kila siku?" Akitajiwa figo ya kupandikizwa, amwambie asubiri, ampigie daktari wake kwanza. Na mgonjwa atembee na kadi yenye majina ya dawa zake na namba ya kliniki, kwa sababu si kila mtu anaweza kutamka takrolimasi kaunta huku foleni inamsubiri nyuma.

Liko jambo la safari ambalo huharibu vipimo vingi. Damu ya kupimia takrolimasi huchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, yapata saa 12 baada ya ile ya jioni. Anayetoka Kiomboi hulazimika kuamka usiku kutafuta gari, na wengi humeza dawa kabla ya kutoka, wakiona ndiyo kuwa waangalifu. Wakifika Dodoma saa nne asubuhi kiwango kinasomeka juu kuliko kilivyo, daktari anapunguza dozi isiyostahili kupunguzwa. Kidonge cha asubuhi kifungwe na kubebwa mfukoni, kimezwe kliniki baada ya sindano kutolewa mkononi. Na kama kuna dawa ya fangasi iliyoanzwa au kuachwa wiki hizo, tarehe yake iandikwe kwenye kadi ileile, daktari aione kabla ya kusoma majibu.