Ugonjwa wa kifuko cha maji: namna laboratwari inavyoutambua

Mtu anakuja na uvimbe wa tumbo, upande wa kuume, chini ya mbavu. Hana homa, wala maumivu makali. Anasema tu kwamba uvimbe unaongezeka mwaka kwa mwaka. Majirani wanamwambia: «Utobolewe, maji yatoke, utapona.» Ndugu wasomaji, shauri hilo linaweza kumwua siku ileile. Kwa nini?

1. Asili ya ugonjwa

Mdudu wa ugonjwa huu anaitwa Echinococcus granulosus. Ni mnyoo mdogo sana, wa milimetre chache tu, unaokaa katika matumbo ya mbwa. Mayai yake yanatoka pamoja na mavi ya mbwa. Kondoo, mbuzi na ngamia wanayameza pamoja na majani. Mtu anayameza kwa mikono michafu, kwa chakula ao kwa maji. Ndani ya mwili, yai linageuka kifuko chenye maji, mara nyingi katika maini, mara nyingine katika mapafu. Mbwa akila maini mabichi ya mnyama mgonjwa, mambo yanaanza upya.

2. Choo hakionyeshi kitu

Tumezoea kutafuta minyoo katika choo. Hapa ni kazi bure: mnyoo mzima unakaa katika mbwa, si katika mtu. Mgonjwa ana kifuko tu, nacho hakitoi mayai.

3. Damu inasema nini?

Mwili ukigusana na maji ya kifuko unatengeneza kinga, na laboratwari inazitafuta katika damu. Kipimo kinachotumiwa sana kinaitwa ELISA. Lakini kifuko kilichofungwa vizuri hakivujishi kitu, basi mwili haupati habari ya adui wake. Kwa hiyo damu inaweza kujibu «hapana», na kifuko kipo. Hasa kikiwa katika mapafu. Tena inaweza kujibu «ndiyo» kwa sababu ya mnyoo mwingine, kama tegu wa nguruwe. Jibu la mashaka linaomba kipimo cha pili.

Zamani walitumia kipimo cha Casoni, cha mwaka 1911: walichoma maji ya kifuko katika ngozi na kungoja ivimbe. Kimeachwa, kwa sababu kilidanganya mara nyingi.

4. Picha kwanza

Leo wanganga wanaanza na ekografi, masini inayoonyesha ndani ya tumbo bila kukata. Katika inchi ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, pahali ugonjwa huu ulipoonekana sana kupita karibu pote duniani, masini hiyo ilipelekwa vijijini miaka ya 1980, kati ya wachungaji. Picha inaonyesha kama kifuko ni kizima, kama kina watoto ndani, ao kama kimekufa na kuwa kigumu. Kwa mapafu wanatumia radio. Damu inakuja nyuma, kuthibitisha picha.

5. Hatari ya sindano

Maji ya kifuko yakitazamwa kwa mikroskopu yanaweza kuonyesha vichwa vya minyoo na kulabu zao ndogo. Ushuhuda huo haukanushiki. Lakini maji yakimwagika tumboni, mgonjwa anaweza kuanguka mara moja, pumzi ikakatika, akafa. Na akipona, vile vichwa vinaweza kuota vifuko vipya. Kwa hiyo kutoboa ni kazi ya hospitali tu: mgonjwa amekwisha kupewa dawa ya albendazole, ekografi inaongoza sindano, na dawa za kumwokoa ziko karibu.

Basi, mtu mwenye uvimbe wa namna hii asitobolewe katika dispanseri wala nyumbani. Apelekwe penye ekografi. Na kama damu yake imejibu «hapana», tusimwambie kwamba hana kitu, picha ikiwa haijasema.