Botswana na Ndoa ya Seretse

Botswana iko kusini mwa Afrika na haina bahari. Eneo lake ni kilometa za mraba 582,000 hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2.3 na ushei. Sehemu kubwa ni Kalahari. Uhuru kutoka kwa Uingereza ulipatikana Septemba 30, 1966, na mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa. Gaborone, mji mkuu, una barabara nzuri. Ng'ombe ni wengi.

Lakini ukifika Serowe, kwa Wangwato, takwimu zote zinakutoka. Pale pana kgotla, uwanja wa baraza uliozungushiwa magogo yaliyosimikwa wima. Ndipo Seretse Khama, mrithi wa uchifu, aliposimama Juni 1949 kuwauliza watu wake kama wanamkubali mkewe, Ruth Williams, karani Mwingereza. Walikuwa wameoana London Septemba 1948, bomani, baada ya kanisa kukataa kuwafungisha. Tshekedi, baba yake mdogo aliyemshikia kiti tangu akiwa mtoto, alikuja juu: mke wa chifu ni mama wa kabila, haolewi bila wazee kuulizwa. Baraza likaamua. Wachache walisimama kumpinga. Maelfu wakasimama kumkubali.

Wangwato waliridhika, wakubwa wakakataa. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilipiga marufuku ndoa za Wazungu na watu wa rangi nyingine, na haikutaka kuona ndoa kama hiyo ikiheshimiwa mpakani mwake. Uingereza, iliyohitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, ilimwita Seretse London 1950, ikamzuia kurudi hadi 1956, alipokubali kuuacha uchifu. Miaka kumi baadaye akawa Rais wa kwanza. Leo yeye na Ruth wamelala kwenye mlima Thathaganyana, juu ya kgotla ileile, karibu na kaburi la babu yake Khama III lenye sanamu ya funo ya shaba.

Seretse akiwa uhamishoni, mtoto mwingine wa chifu, Julius Nyerere wa Butiama, alikuwa akisoma Edinburgh. Aliporudi, yeye Mzanaki, alimwoa Maria Waningu, Msimbiti. Nasi watu wa Mara tunaozuru kaburi la Nyerere Mwitongo bado tunamuuliza mchumba kabila kabla ya tabia. Musoma na Bunda, posa ya Mjaluo kwa Wakurya, au ya Mkurya kwa Wajita, hukwama kwenye kikao cha wajomba kijana hajafungua kinywa. Tunauita ubaguzi huo mila.

Wazazi wa Mara, muulizeni kijana kazi yake, tabia yake na nia yake. Kabila lake si kosa.