Goma: Benki zilifungwa, nani atathibitisha mahesabu ya mwaka 2025?

Tangu waasi wa AFC/M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki za biashara mjini humo zilifunga milango. Wakaaji walizoea haraka: pesa zinapita kwa simu, wengine wanavuka mpaka hadi Gisenyi, nchini Rwanda, kutafuta noti. Lakini kuna kazi moja ambayo haikuzoea: ile ya mhasibu na ya mkaguzi wa mahesabu.

Sheria iko wazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwezi wa tisa 2012, na kanuni za mahesabu za umoja huo zinaomba kila kampuni imalize mahesabu yake ndani ya miezi minne baada ya mwaka kufungwa. Mahesabu ya mwaka 2025 yanapaswa kuwa tayari tarehe 30 mwezi wa nne 2026. Vita haikuondoa tarehe hiyo.

Kwa kawaida, mkaguzi haamini neno la mwenye kampuni peke yake. Anaandikia benki ili imwambie ni pesa ngapi ziko kwenye konti. Anaingia ndani ya depo na kuhesabu mifuko. Anauliza wateja kama kweli wana deni. Sasa tawi limefungwa, wateja wengine wamekimbia, na depo nyingi ziliporwa Goma na Bukavu wakati wa mapigano ya mwanzo wa 2025. Mara nyingi fakture ziliondoka pamoja na mali.

Pesa za simu nazo zina shida yake. Zinaacha alama, lakini mara nyingi namba imeandikwa kwa jina la mwenye duka, si la duka. Pesa za mauzo, za karo ya watoto na za msaada kwa ndugu waliokimbia zinachanganyika katika namba moja. Mhasibu anabaki kuuliza: hii ilikuwa ya biashara au ya nyumba?

Halafu kuna bei ya dola. Mwanzoni mwa 2025, dola moja ilikuwa juu ya franka 2.800. Katika mwezi wa kumi, ilishuka chini ya 2.500. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyeficha dola 1.000 nyumbani kwa sababu benki imefungwa. Kwa dola moja franka 2.800, daftari linaonyesha franka 2.800.000. Kwa 2.400, linaonyesha 2.400.000. Amepata hasara ya franka 400.000, na hakuna noti hata moja iliyoibwa. Mahesabu yanaandikwa kwa pesa ya nchi, kwa hiyo hasara hiyo lazima ionekane.

Swali gumu zaidi ni la kodi. Mjini, watawala waliopo wanatoza. Sheria ya nchi inatambua hazina ya serikali ya Kinshasa. Mwenye duka aliyelipa huku anaogopa kudaiwa tena kule. Mhasibu hana uwezo wa kuamua nani ana haki. Anachoweza ni kuandika kilicholipwa, siku gani, kwa nani, na kutunza karatasi.

Ndipo linakuja jaribu la kujaza mapengo kwa namba za kubuni ili mahesabu yapendeze. Mkaguzi anayekubali hilo anamdanganya mkopeshaji, anawadanganya washirika, na kesho atajibu mbele ya sheria. Kanuni zinampa njia nyingine: kuandika wazi kwamba sehemu fulani hakuweza kuithibitisha, na kusema kama ana shaka kuwa kampuni itaendelea. Wenye kampuni hawapendi karatasi ya namna hiyo. Lakini ni ya kweli, na siku benki zitakapofungua tena, atakayeomba mkopo ataombwa karatasi za kweli.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mambo machache yanasaidia tangu leo. Tenga namba moja ya simu kwa ajili ya duka pekee. Andika bei ya dola ya kila siku uliyouza. Hesabu mali kila mwisho wa mwezi mbele ya mashahidi wawili, watie sahihi. Kama uliporwa, andika orodha ya vilivyopotea na tarehe, hata kama umechelewa. Piga picha za fakture na kuzituma kwa ndugu aliye mji mwingine. Sheria inaomba karatasi zitunzwe miaka 10, na Goma imeona kwamba depo inaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mjini Goma, wengi walipoteza mali. Wale waliobaki na daftari wana angalau mahali pa kuanzia siku watakapouliza haki yao.