Upare kwa Vipande

Kisiwani haina bahari. Ni kata ya Wilaya ya Same iliyobanwa kati ya Milima ya Upare Kusini na nyika ya Mkomazi, na anayetokea Same mjini huifikia kwa barabara inayopita chini ya milima kuelekea Maore, Ndungu na Kihurio. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pangani ilipita huku ikienda Kilimanjaro, na Kisiwani palikuwa pahali pa kutua, kuteka maji na kununua chakula. Wapagazi wale hawakujisifu kwa kumaliza safari kwa mkupuo mmoja. Walitembea, wakatua, kisha wakaendelea.

Watembeaji wa leo wamerudia utaratibu huo kwa sababu nyingine: wanakimbia watu. Huko Marekani, njia ya miguu ya Appalachian ina urefu wa kilomita zipatazo 3,500, kutoka Georgia hadi Maine. Wanaotaka kuimaliza ndani ya mwaka mmoja wengi wao huanzia kusini mwezi Machi au Aprili, kwa hiyo vibanda vya kulala vya siku za mwanzo hufurika. Wasiotaka msongamano huo, na wenye kazi na watoto, huikata vipande, wiki moja mwaka huu, mbili mwakani, na wapo wanaotumia miaka mingi kuimaliza.

Kwetu foleni iko Kilimanjaro, hasa njia za Marangu na Machame, na hasa miezi ya kiangazi. Safu ya Upare iko jirani tu, upande wa kusini mashariki, na kilele chake kirefu zaidi, Shengena, kina mita 2,462. Si haba.

Upare hauna njia moja yenye vibao kutoka mwanzo hadi mwisho. Una vijia: vya sokoni, vya shuleni, vya kanisani na msikitini, vya kwenda kuzika. Mpangaji wa safari anachofanya ni kuviunga, na kanuni yake ni moja tu. Kila kipande kianzie na kuishia pahali gari linapofika, na pahali hapo paandikwe kwenye daftari, maana mwakani ndipo safari itakapoendelea.

Kipande cha kaskazini kiko Usangi, wilayani Mwanga, chini ya Mlima Kindoroko wenye mita 2,113. Ukiwa juu huku, Ziwa Jipe liko mashariki na bwawa la Nyumba ya Mungu liko magharibi. Baada ya hapo safu inakatika, na pengo lililobaki ni tambarare kavu yenye jua kali na malori ya barabara kuu. Wapo watakaoshikilia kwamba lazima pengo hilo nalo litembewe ili hesabu itimie. Hao waachwe na jua lao. Mwenye busara atapanda basi hadi Same.

Kutoka Same kipande cha pili kinapanda kuelekea Chome. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, wakapiga kambi mjini hapo. Anayepanda leo akihema na mkoba mgongoni anaweza kuwakumbuka. Juu ya Chome kuna msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali hulipiwa kabla ya kuingia. Ndani yake anaishi ndege mdogo wa jamii ya kinengenenge, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana kwingine isipokuwa Upare Kusini.

Kipande cha tatu kinatoka Mbaga hadi kilele cha Shengena, siku mbili au tatu kwa mwendo wa kawaida, kisha kinarudi Mbaga, na hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Mbaga iko kwenye mita 1,350 hivi. Mmisionari Mjerumani Jakob Dannholz aliishi hapo mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika habari za Wapare, na karibu na kijiji kuna mapango ya Mghimbi ambamo watu walijificha enzi za wakamata watumwa. Njiani mgeni ataona ndiva, mabwawa madogo ya asili ya kukusanya maji ya kumwagilia. Haraka ya nini? Utalii wa utamaduni ulianza Usangi na Mbaga miaka ya 1990, kwa hiyo kumpata kijana wa kuongoza njia si kazi ngumu, na sahani ya makande haitakosekana.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei huyafanya mapito kuwa utelezi mtupu. Vuli nayo si ya kudharau, na mtu asidanganywe na ukavu wa Same mjini, kwani miteremko inayotazama bahari hupata mvua nyingi zaidi. Januari, Februari, kisha Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kutembea, ingawa Julai juu kuna baridi na ukungu.

Msongamano wa Upare, hata hivyo, haupo mlimani. Uko stendi. Desemba wenyeji wanarudi kwao, mabasi ya Dar es Salaam kwenda kaskazini yanajaa, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Atakayepanga kipande chake wiki ya Krismasi atakuwa peke yake msituni, lakini atasafiri kwa shida kwenda na kurudi.

Kipande cha mwisho kinateremka kutoka Mbaga hadi Kisiwani, magoti yakilalamika na joto likiongezeka kila saa. Anayemalizia hapo aondoke Mbaga alfajiri, ili afike barabarani mchana na kupata gari la Same. Asingoje jioni: giza likiingia, tembo wa Mkomazi hutoka hifadhini na kuingia mashambani.