Bears, msiziuze zamu zenu

Mjini Chicago kwa sasa, popote wanapokutana mashabiki wa timu ya Bears, mazungumzo ni yale yale: timu inahitaji mtu wa kumkimbiza kwatabeki wa adui, yaani mrusha mipira wao mkuu. Basi ichukue zamu zake za drafti, za mwaka huu na za mwakani, iikabidhi timu nyingine, iletewe nyota ambaye jina lake limeshatangulia. Mimi nami ni Bears damu, na kiu hiyo naijua. Lakini nasema hapana, na nataka niseme kabla ya Aprili 23, siku drafti itakapofunguliwa Pittsburgh.

Kwa aliyezoea usajili wa kwetu, drafti ni jambo geni. Simba na Yanga wakimgombea kijana, mwenye fungu nono ndiye anayeondoka naye. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ililikataa hilo tangu 1936. Kijana anayetoka chuo kikuu hachagui timu. Timu 32 ndizo zinazochagua, kwa zamu, raundi saba, na iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inayoanza. Mkataba wa chipukizi ni wa miaka minne, na mshahara wake hutegemea zamu aliyochukuliwa. Kwa kuwa kila timu ina ukomo wa mishahara, zamu ni mali kubwa: inakupa mchezaji mzuri kwa bei ndogo. Mali hiyo huuzwa na kubadilishwa, hata ile ya mwaka ambao haujafika.

Hapo ndipo Bears walipoumia miaka yote hii. Mwaka 2017 walikuwa na zamu ya tatu. Wakaogopa kuporwa kwatabeki kijana waliyempenda, Mitchell Trubisky wa North Carolina, wakawapa San Francisco 49ers zamu hiyo pamoja na nyingine tatu ili wasogee nafasi moja tu, hadi ya pili. Patrick Mahomes, kwatabeki aliyekuja kumpita mbali, alisubiri hadi zamu ya 10, akaenda Kansas City. Wengi huisimulia habari hii kwa kulaumu macho ya waliochagua. Mimi nalaumu bei. Macho ya mtu yeyote hukosea, ila ukishalipa zamu nne kwa mtu mmoja na akakuangusha, huna tena cha kujaribia.

Mwaka uliofuata wakamleta Khalil Mack, mkimbiza makwatabeki, kutoka Oakland kwa zamu za raundi ya kwanza za 2019 na 2020. Mack alikuwa mchezaji wa kweli, na msimu ule tulishinda mechi 12. Januari 2019 timu ya Eagles ikatutoa kwenye mchujo kwa 16-15. Misimu miwili iliyofuata tukashinda nane na kupoteza nane, mara zote mbili. Mapengo yalionekana kila wiki, na zamu ambazo zingeleta vijana wa kuyaziba zilikuwa zimekwenda na maji. Novemba 2022 wakarudia: zamu ya raundi ya pili kwa mpokeaji mipira Chase Claypool wa Pittsburgh. Haukupita mwaka, Claypool alikuwa Miami.

Richard Thaler, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2017, alichambua drafti za miaka mingi akiwa na mwenzake Cade Massey. Waligundua kwamba timu hulipa kupita kiasi ili zipande juu. Mchezaji aliyechaguliwa kabla ya mwenzake anayemfuata katika nafasi ile ile uwanjani humzidi katika zaidi kidogo tu ya nusu ya visa. Utafiti huo umetoka katika mji wetu wenyewe, na viongozi wa timu yetu ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kuusoma.

Kisha ikaja Machi 2023. Bears walikuwa wamefungwa mno hadi zamu ya kwanza kabisa ikawa yao, na meneja mkuu Ryan Poles akaiuza kwa Carolina Panthers. Alipewa zamu ya 9 na ya 61 za mwaka ule, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na juu yake mpokeaji mipira DJ Moore. Carolina wakamchukua Bryce Young, wakashinda mechi mbili tu msimu mzima. Kwa hiyo zamu waliyotuachia kwa 2024 ikawa namba moja tena, ikamleta kwatabeki Caleb Williams kutoka USC. Ile ya 9 Poles aliishusha hadi 10, akaongezewa zamu nyingine ya mwaka uliofuata, na bado akampata Darnell Wright, nguzo ya upande wa kulia wa ukuta wa mbele unaomlinda kwatabeki. Ya 2025 ikamleta mpokeaji mipira Luther Burden. Hesabu mwenyewe nafasi zilizojazwa na biashara moja.

Ndiyo maana drafti ya 2024 iliniuma, hata ikiwa na Williams na mpokeaji mipira Rome Odunze ndani yake. Bears walichagua watu watano tu. Zamu ya raundi ya pili walikuwa wameshaiuza Washington kwa Montez Sweat, mkimbiza makwatabeki. Mlinzi wa ukuta wa mbele waliyemchukua ni mmoja, Kiran Amegadjie wa Yale, na raundi ya nne wakamchukua Tory Taylor, mpiga mipira ya mbali. Taylor anapiga vizuri mno, ila kwatabeki wako akiwa bado anaangushwa, mpigaji huyo ni anasa.

Williams aliangushwa mara 68 msimu ule akiwa bado na mpira mkononi. Novemba 10, dhidi ya New England pale Soldier Field, alilambishwa nyasi mara tisa. Mchezo ulikuwa ule ule: anapokea mpira, anarudi hatua tatu, anainua kichwa kumtafuta mwenzake, na bega la mtu mwenye zaidi ya kilo mia linampata ubavuni kabla mkono haujanyooka. Anainuka, anarekebisha kofia yake ngumu, anarudi kwenye mstari. Hakuna kipaji kinachokua hivyo.

Mwaka 2025, chini ya kocha mpya Ben Johnson, ukuta ulijengwa: Joe Thuney, Jonah Jackson, Drew Dalman, na kijana Ozzy Trapilo kwa zamu ya 56. Thuney, bingwa wa Super Bowl, aligharimu zamu moja ya raundi ya nne. Kununua namna hiyo nakuunga mkono kabisa. Tukashinda mechi 11, tukatwaa kundi letu, na Januari, kwenye mchujo, tukawatoa Green Bay 31-27 baada ya kwenda mapumziko tukiwa nyuma 21-3. Mpira wa ushindi Williams alimrushia DJ Moore, na wote wawili walifika Chicago kwa sababu ya ile biashara ya Machi.

Sasa zamu yetu ya kwanza ni ya 25. Tunahitaji watu wa mstari wa mbele wa ulinzi, na si mmoja. Richard Dent, mchezaji bora wa Super Bowl ya Januari 1986, siku pekee tuliyotwaa kombe hilo, alichukuliwa raundi ya nane ya drafti ya 1983, enzi ambazo raundi zilizidi saba, wakati karibu kila mtu alikuwa ameshachoka kusikiliza majina. Tulimpata kwa sababu tulikuwa na zamu ya kumjaribu. Poles akae na zamu zake. Akimwona ifikapo 25 mtu wa kumsumbua kwatabeki, amchukue. Asipomwona, na timu iliyo chini yetu ikapiga simu kutaka kupanda, ashuke nafasi tano au sita, adai zamu ya raundi ya tatu juu yake, na zote mbili azitumie kwenye mstari huo huo wa ulinzi.