Baba akiranda mbao uani, watoto wawe wapi?

Sanje. Mpunga ukishaingia ghalani, jioni za Sanje hupata nafasi. Mama huchambua ukindu wa kusukia mkeka, na baba hutoa msumeno na randa chini ya mwembe, atengeneze kigoda, rafu ya vyombo au mlango wa banda la kuku. Watoto hujazana hapo hapo, maana maranda yaliyojikunja ni mchezo mtamu kwao.

Ni kazi nzuri. Inaokoa fedha, inatuliza akili na inamfundisha mtoto kupima na kuwa na subira. Tatizo ni kwamba karakana ya nyumbani haina ukuta. Ni uwanja uleule wanaochezea watoto, na mara nyingi jiko liko hatua chache tu.

Mzazi anayependa useremala wa nyumbani azingatie haya.

Anza na mbao yenyewe

Kukata miti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni kosa. Nunua mbao za miti ya kupandwa, kama mitiki inayostawi Bonde la Kilombero, na udai risiti.

Mbao ikiwa mbichi, usiifanyie haraka. Ikikauka husinyaa, viungo vya kigoda vinalegea, na anayeanguka ni mtoto. Zipange chini ya paa, juu ya matofali, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite.

Vumbi si uchafu tu

Vumbi la mitiki na mvule huwasha ngozi na macho, huleta chafya na linaweza kuamsha pumu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari hiyo imeonekana zaidi kwa mafundi waliolivuta kwa miaka mingi. Hata hivyo, mtoto hana sababu ya kulivuta kabisa.

Piga msasa nje, upepo ukipeleka vumbi mbali na jiko, maji ya kunywa na watoto. Vaa barakoa inayobana vizuri usoni, kwani kitambaa chepesi hupitisha vumbi laini. Ukimaliza, nyunyiza maji kabla ya kufagia. Nawa na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto.

Jicho na kidonda

Vaa miwani ya kinga unapogonga misumari au kutumia patasi. Vumbi likiingia jichoni, usifikiche. Suuza kwa maji safi mengi. Kipande kikichoma jicho, usikichomoe wala usimwage maji. Funika bila kukandamiza na uwahi hospitali.

Kidonda cha msumari kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kituo cha afya hata kama ni kidogo. Pepopunda hupenda vidonda vyembamba vilivyozama. Mtoto hupata chanjo yake ndani ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua miaka inavyosonga. Beba kadi ya kliniki, mhudumu aangalie. Mtu mzima naye aseme alichanjwa lini mara ya mwisho.

Kila jioni hesabu misumari. Mtoto anayetambaa ataiona kabla yako.

Chupa ya soda si ya tina

Tina, vanishi na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda au maji, mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Yaache kwenye kopo lake, juu, penye kufuli. Akinywa, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ili “kuua sumu”. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari huwa kubwa. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe.

Mabaki gani yaingie jikoni?

Vipande vya mbao safi ni kuni nzuri. Mbao zilizopakwa rangi, pamoja na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, visichomwe. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Moshi na majivu yake ni sumu, na majivu hayo yasitumike kuoshea sufuria wala kumwagwa bustani ya mchicha.

Mpe mtoto kazi yake

Kumfukuza hakusaidii, atarudi ukigeuka. Chora mstari ardhini, hatua tano kutoka ulipo, na wa chini ya miaka mitano wasiuvuke. Mkubwa kidogo ashike futi na kusoma namba. Akifika darasa la nne au la tano, apige msasa kwa mkono, amevaa barakoa na miwani kama wewe. Nyundo ndogo ashike ukiwa pembeni yake. Msumeno wa umeme si wa mtoto hata kidogo.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayemwona baba akivaa miwani kabla ya kushika nyundo hatahitaji kuambiwa mara mbili. Na kigoda kikikamilika, yeye ndiye awe wa kwanza kukikalia.